Mto Hauzai Mfalme

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa historia, Mwanza

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliotenga muda wenu, na ninyi wanafunzi ambao mkutano huu ni wenu hasa: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Maji ya Ziwa Viktoria, lililo hapo nje, hutokea Jinja kama Mto Nile, huvuka Uganda, huingia Sudan Kusini, sehemu kubwa hupotelea kwenye vinamasi vya Sudd, na yanayobaki hukutana na Nile ya Buluu pale Khartoum. Watu wa Mwanza tumezoea kujivunia kwamba Misri ilikunywa kutoka kwetu, na tuna haki ya kujivunia. Ila mafuriko yaliyowalisha mafarao hayakuwa ya ziwa hili. Yalitoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako mvua za Juni hadi Septemba zilijaza Nile ya Buluu na Atbara na kusomba tope hadi Misri. Ziwa letu lilikuwa na kazi nyingine: kuufanya mto usinyauke miezi ambayo Ethiopia imekauka. Nimeanza na jambo hili kwa sababu linatuonyesha kwamba hata ndani ya mto mmoja, maji ya huku na maji ya kule hayana tabia moja. Ukitaka kuwaelewa watu waliojenga miji ya kwanza duniani kandokando ya mito, uliza kwanza: mto wao ulikuwa unajaa lini, na ulipojaa ulimkuta mkulima akifanya nini?

Katika notisi nyingi za shule, ustaarabu wa mabonde ya mito hupangwa kwenye jedwali moja. Misri, Mesopotamia, Indus, China. Chini yake zinafuata sifa: kilimo cha umwagiliaji, miji, maandishi, dini, serikali kuu yenye nguvu. Mwanafunzi anakariri, anaandika, anapewa alama. Mimi nimekuja kulivuruga jedwali hilo, na hasa ule mstari wa mwisho, wa serikali yenye nguvu. Nyuma ya mstari huo kuna wazo la msomi aliyezaliwa Ujerumani, Karl Wittfogel, aliyelitoa kwa kirefu mwaka 1957. Hoja yake kwa ufupi ni hii: maji mengi yanahitaji mifereji mikubwa, mifereji mikubwa inahitaji watu wengi wafanye kazi kwa amri moja, na anayetoa amri hiyo anakuwa mtawala asiyepingwa. Kwamba mto ndio uliozaa mfalme. Ni hoja inayovutia, na kwa muda mrefu ilifundishwa kama ukweli. Nadhani haisimami, na mito yenyewe ndiyo itakayonisaidia kuwaonyesha.

Misri ilibahatika na kalenda. Mafuriko yalifika Julai, yakapanda hadi Agosti na Septemba, yakaanza kupungua Oktoba. Yalipoondoka yaliacha ardhi imelowa, imepata tope jipya lenye rutuba, na chumvi yake imeoshwa. Mkulima alimwaga mbegu za ngano na shayiri wakati huohuo zinapotakiwa kumwagwa, akavuna kuanzia Machi, na shamba likapumzika hadi maji yarudi. Mwaka wao ulikuwa na majira matatu yaliyofuata mwendo huo: Akhet, ya mafuriko, Peret, ya mimea kuota, Shemu, ya mavuno. Kazi ya mtu ilikuwa kujenga matuta ya udongo na kuligawa bonde kuwa viwanja vinavyokamata maji, kama majaruba ya mpunga ya hapa Usukumani, ila makubwa zaidi. Maji yaliachwa yakae wiki kadhaa, yakishaloweka ardhi yakafunguliwa yaende jaruba linalofuata.

Sasa angalieni: kazi hiyo watu wa kijiji na vijiji jirani waliiweza wenyewe. Karl Butzer, aliyechunguza umwagiliaji wa Misri na kuandika matokeo yake mwaka 1976, alionyesha kwamba katika enzi za mapiramidi usimamizi wa maji ulikuwa wa eneo kwa eneo, na hakuna dalili ya ofisi kuu ya farao iliyokuwa ikigawa maji nchi nzima. Farao alihitaji kujua jambo moja tu kuhusu mto, yaani umepanda kiasi gani mwaka huu, kwa sababu hapo ndipo kodi yake ilipo. Kwenye lile jiwe linaloitwa la Palermo, ambalo limeorodhesha miaka ya wafalme wa mwanzo, kimo cha mafuriko kimeandikwa mwaka baada ya mwaka, kwa dhiraa, viganja na vidole. Watawala wanaopima maji kwa ukubwa wa kidole hawakuwa wanayaongoza. Walikuwa wanakadiria ghala.

Na hilo ghala ndilo lililojenga piramidi. Mwaka 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilifukua huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo ya kale kuliko yote yenye maandishi tunayoyajua. Kati yake kuna daftari la kazi la ofisa mmoja aitwaye Merer, aliyeishi mwishoni mwa utawala wa farao Khufu, miaka ya 2560 KK hivi. Merer na kikosi chake walikuwa wakibeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, safari mbili au tatu kila siku kumi, wakitumia maji ya mafuriko yaliyojaza mifereji hadi karibu na eneo la ujenzi. Ameandika wamelala wapi, wamepakia nini, nani amewaletea mkate. Ukiyasoma hayo unaona nguvu ya farao ilikuwa katika kukusanya chakula, kukihifadhi na kukigawa kwa watu wanaofanya kazi yake.

Tusisahau pia kwamba mto huohuo haukuzaa Misri peke yake. Juu zaidi, karibu na maporomoko ya tatu, katika Sudan ya leo, kulikuwa na mji wa Kerma, uliostawi kuanzia miaka ya 2500 KK hivi hadi 1500 KK. Jengo lao kuu la matofali mabichi, Deffufa ya Magharibi, bado limesimama likiwa na kimo cha mita 18 hivi. Charles Bonnet wa Uswisi amefanya uchimbaji pale kwa miongo mingi. Mbele ya kaburi moja la mkubwa wao yalipangwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000. Wasukuma mliomo humu ndani mnajua ng'ombe 4,000 maana yake nini katika msiba wa mtu mmoja. Ni Nile ileile, lakini hapa utajiri na heshima vilihesabiwa kwa mifugo zaidi kuliko kwa magunia. Kwenye jedwali la shule Kerma haipo kabisa, na hilo linaniuma, maana ni miongoni mwa miji mikubwa ya kwanza ya bara hili.

Twende Mesopotamia, nchi ya Frati na Tigris, ambako leo ni Iraki. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hapa mto ulikuwa na hila.

Kusini mwa nchi hiyo, kwa Wasumeri, mvua haitoshi kukuza nafaka. Bila mfereji hakuna shamba. Lakini mito yenyewe hujaa kwa theluji inayoyeyuka kwenye milima ya Uturuki, kwa hiyo maji mengi hushuka Aprili na Mei. Shayiri iliyopandwa vuli, wakati huo, ndiyo kwanza imekomaa. Yaani wakati mkulima anatafuta maji ya kupandia, Oktoba na Novemba, mto uko chini. Wakati ana mazao ya mwaka mzima yamesimama shambani, mto unakuja na kishindo. Ilibidi maji yaelekezwe kwa mifereji msimu mmoja na yazuiwe kwa matuta msimu mwingine, na tuta likibomoka kwako, shamba linalosombwa ni la jirani.

Ndiyo maana sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala kuanzia 1792 hadi 1750 KK, zinalisema jambo hili kwa ukali. Mtu akiwa mvivu wa kuimarisha tuta lake, likapasuka, maji yakaharibu mashamba, atalipa nafaka iliyopotea. Akishindwa kulipa, atauzwa yeye na mali yake, na fedha watagawana wale ambao maji yamewachukulia mazao. Jiwe lenye sheria hizo lilipatikana Susa mwaka 1901 na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Wanafunzi hupenda kukariri habari ya jicho kwa jicho. Ningependa wakumbuke na tuta kwa tuta.

Katika makumbusho hayohayo kuna vipande vya jiwe jingine, la zamani zaidi, la miaka ya 2450 KK hivi. Linaitwa Jiwe la Tai kwa sababu upande mmoja limechorwa tai wakiruka na vichwa vya watu vilivyokatwa. Lilisimamishwa na Eannatum, mtawala wa Lagash, baada ya kuwashinda watu wa mji wa Umma. Miji hii miwili ilikuwa majirani, wenye lugha moja na miungu inayofanana, na ilipigania ukanda wa mashamba mazuri uliokuwa mpakani, pamoja na mfereji ulioupatia maji. Mfalme mmoja wa zamani aliwahi kuwapatanisha na kuweka jiwe la mpaka. Likang'olewa. Ugomvi ukaendelea vizazi na vizazi: wa Umma walilima upande wa pili bila kulipa nafaka waliyokubaliana, wa Lagash walikuja na mikuki, na mtoto wa ndugu yake Eannatum, Enmetena, ikabidi achimbe mfereji kutoka Tigris ili Lagash isimtegemee mtu aliye juu yake mtoni. Mwishoni Lugalzagesi wa Umma aliiteketeza Lagash, na muda si mrefu akapigwa na kufungwa na Sargon wa Akadi. Kila ninaposikia mazungumzo kuhusu nani ana haki ya maji ya Nile, kati ya nchi za juu na nchi za chini, nawakumbuka Umma na Lagash. Ni ugomvi wa maji na mpaka wa kale kuliko mingine tunayoweza kuisoma kwa maandishi ya wahusika wenyewe.

Kulikuwa na adui mwingine asiyeonekana. Maji ya mfereji huacha chumvi kidogo ardhini. Nile iliiosha kila mwaka. Frati haikuiosha, na mashamba tambarare ya Wasumeri hayakuwa na mteremko wa kuitoa. Mwaka 1958 Thorkild Jacobsen na Robert Adams walichapisha hoja kwamba vibao vya hesabu vya kale vinaonyesha ngano ikipungua na kuachia nafasi shayiri, inayovumilia chumvi zaidi. Wapo waliosema baadaye kwamba wawili hao walilikuza jambo, na mjadala huo haujafungwa. Lakini chumvi yenyewe haina mjadala. Wakulima wa kusini mwa Iraki wanahangaika nayo hadi leo.

Basi hapa mtasema: si unaona, Mesopotamia ilihitaji mfalme! Ni kweli kwamba wafalme wake walijisifu kwa kuchimba mifereji. Hammurabi aliuita mmoja wa miaka ya utawala wake kwa jina la mfereji aliouchimba. Lakini tazameni mpangilio wa matukio. Mifereji midogo na vijiji vya kumwagilia vilikuwepo muda mrefu kabla ya mfalme wa kwanza tunayemjua kwa jina. Na Uruk, mji mkubwa wa mwanzo kabisa, wenye makumi ya maelfu ya watu kabla ya mwaka 3000 KK, ulikuwa mji wa mahekalu na makarani. Maandishi ya kwanza kabisa, yale yaliyokuja kuwa mwandiko wa kikabari, yalizaliwa pale miaka ya 3300 KK hivi, na sehemu kubwa mno ya vibao hivyo ni hesabu: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, pombe mitungi mingapi, posho ya nani. Hakuna shairi wala jina la vita ndani yake. Mfalme mwenye jeshi alikuja kushika mamlaka wakati kuna kitu cha kupigania na jirani wa kupigana naye. Kwa maoni yangu mpaka na ghala vilimjenga mfalme kuliko mfereji.

Ukitaka kujua watu waliogopa nini, sikiliza hadithi zao. Mesopotamia ilisimulia gharika iliyotumwa na miungu, na mtu mmoja aliyeonywa akajenga chombo, akaokoa familia na wanyama. Sisi tuliolelewa na habari za Nabii Nuhu tunaitambua mara moja. Misri hofu yao ilikuwa kinyume, maji kutokuja. Mwambani katika kisiwa cha Sehel karibu na Aswan kuna maandishi yanayosimulia miaka saba ambayo mto haukupanda, na kila aliyesoma habari za Yusufu na ng'ombe saba waliokonda anajua uzito wa jambo hilo. China nao wana yao. Wanasimulia kwamba Gun aliamriwa azuie mafuriko ya mto, akajenga kuta miaka tisa na akashindwa. Mwanawe Yu akachukua njia nyingine, akachimba mikondo ya kuyaongoza maji kwenda baharini, na katika miaka 13 ya kazi alipita mbele ya mlango wa nyumba yake mara tatu bila kuingia. Hapo ndipo akapewa ufalme. Angalieni tofauti: Wachina walisimulia gharika iliyotatuliwa na fundi.

Mto Indus hatujui ulisimulia nini, kwa sababu maandishi yake hayajasomwa. Na hapa ndipo jedwali la shule linapovunjika kabisa.

Katikati ya karne ya 19, wahandisi wa Kiingereza waliojenga reli kati ya Lahore na Multan walikuta mahali palipojaa matofali mazuri ya kuchoma, wakayabeba kwa wingi kuwa kifusi cha reli. Mahali hapo palikuwa Harappa. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1921 chini ya Daya Ram Sahni. Mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro, kilomita 600 hivi kutoka hapo. Na mwaka 1924 John Marshall akatangaza kwamba dunia ina ustaarabu mwingine wa kale ambao hakuna aliyekuwa anaujua. Miji hii ilistawi kati ya 2600 na 1900 KK, katika Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India ya leo, kwenye eneo pana kuliko Misri na Mesopotamia za wakati huo zikiwekwa pamoja.

Nenda Mohenjo-daro kwa macho ya fundi bomba. Nyumba kwa nyumba ina sehemu ya kuogea, sakafu yake imepangwa matofali kwa mteremko, maji machafu yanatoka hadi mfereji uliofunikwa wa mtaa. Visima vya matofali vinakadiriwa kuwa zaidi ya 700 katika mji mmoja. Bwawa lao kubwa lina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 7, na limezibwa kwa lami lisivuje. Matofali yao yalifuata uwiano mmoja, kimo 1, upana 2, urefu 4, katika miji iliyo mbali sana. Mawe ya mizani, yaliyochongwa kwa umbo la mchemraba, yaliongezeka mara mbili kila hatua, na kipimo kilichotumiwa sana kilikuwa na uzito wa karibu gramu 14, Harappa sawa na mji wa Lothal. Dholavira, mji wao mwingine kwenye nchi kavu ya Kutch, walichonga na kujenga mabwawa makubwa ya kukusanya maji ya vijito vya msimu, maana mto mkubwa haukuwepo karibu.

Sasa mtafute mfalme. Hakuna kaburi la kifalme lililojaa dhahabu. Hakuna jengo ambalo wachimbaji wamekubaliana kuwa ni ikulu. Hakuna mchoro wa mtawala akiponda vichwa vya maadui, kama yule farao Narmer alivyojichonga miaka ya 3100 KK. Kile kisanamu maarufu cha mwanamume mwenye ndevu na kilemba cha ukanda, kinachoitwa Kuhani Mfalme, kina urefu wa sentimita 17.5 tu, na jina hilo kimepewa na watu wa karne ya 20. Wapo wasomi wanaosema waliongozwa na matajiri wa biashara, wengine mabaraza, wengine hata wanasema hapakuwa na tabaka la watawala kabisa. Mimi sitawachagulia. Ninachosema ni kwamba watu hawa walikuwa na mto mkali, wenye mafuriko makubwa, walikuwa na miji ya makumi ya maelfu, walikubaliana vipimo na matofali na mitaro, na hawakuona haja ya kumchonga mtu mmoja awe mkubwa kuliko wote. Wittfogel angetuambia haiwezekani.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatukupaswa kumwamini haraka hivyo. Wachaga wamechimba mifongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa karne nyingi, na ukoo uliochimba ndio uliosimamia zamu za maji. Wasonjo, kule Ngorongoro, maji yao yaligawiwa na baraza la wazee, wenamiji. Wamarakwet wa Kenya wana mifereji inayoshuka genge la Kerio, na mgawo wake ni wa koo. Hawa hawakujenga Mohenjo-daro, sisemi hivyo. Lakini wametuonyesha, mbele ya macho yetu, kwamba maji ya pamoja yanaweza kugawanywa na watu waliokaa chini ya mti wakabishana mpaka wakaelewana.

Niseme kidogo habari za bahari, maana mito hii ilijuana. Sargon wa Akadi, miaka ya 2300 KK, alijisifu kwamba majahazi ya Meluhha, Magan na Dilmun yalitia nanga kwenye gati la mji wake. Meluhha wataalamu wengi wanaamini ni nchi ya Indus. Dilmun ni Bahrain, na Magan ni Oman, ilikotoka shaba. Upo muhuri wa zama za Akadi wa mtu aitwaye Shu-ilishu, ambaye kazi yake imeandikwa waziwazi: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Shanga nyekundu za akiki zilizotengenezwa Indus zilizikwa na wakubwa wa Ur, mji wa Wasumeri, ambako Leonard Woolley alizifukua katika miaka ya 1920. Na pale Ras al-Jinz, ncha ya mashariki ya Oman, vimepatikana vyungu vya Indus na vipande vya lami vilivyopakwa kwenye mashua za matete. Ni pwani hiyohiyo ambayo karne nyingi baadaye majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi kuja Unguja na Mombasa. Wenzetu walioko Oman, wanaozungumza Kiswahili hadi leo, wanaishi kwenye mojawapo ya njia za biashara za kale kuliko zote.

China ilikuwa mbali na gati hizo, na ilikwenda kwa mwendo wake. Tahadhari moja kwanza: tusiseme Huang He peke yake, yaani ule Mto wa Manjano. Huko Liangzhu, kwenye bonde la chini la Yangtze, watu waliokula mchele walijenga mji wenye kuta na mabwawa makubwa ya kuzuia maji kati ya miaka ya 3300 na 2300 KK. UNESCO iliutambua mwaka 2019. Kaskazini, kwenye Huang He, chakula kilikuwa nafaka ndogondogo zinazofanana na ulezi, zilizokuzwa zaidi kwa mvua kuliko kwa mifereji. Kwa hiyo dola ya Shang, yenye wafalme wenye nguvu na wakali, haikusimama juu ya umwagiliaji mkubwa. Ilisimama juu ya mizimu, shaba nyeusi na vita.

Tunayajua hayo kwa mifupa. Mwaka 1899 msomi Wang Yirong alitambua kwamba mifupa iliyokuwa ikiuzwa kama dawa ina maandishi ya kale. Ilitoka Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Shang, na uchimbaji rasmi ulianza 1928. Wafalme waliuliza wahenga wao kila kitu, wakapasua mfupa kwa moto na kuandika jibu: mvua itanyesha? Jino linaniuma kwa nini? Mke wangu Fu Hao atajifungua salama? Jibu moja lililobaki linasema kuzaa hakukuwa kwema, kwa sababu amezaa mtoto wa kike. Fu Hao huyohuyo aliongoza jeshi la watu 13,000. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1976 na timu ya mwanaakiolojia mwanamke, Zheng Zhenxiang, likiwa halijaguswa na wezi: vitu vya shaba nyeusi zaidi ya 400, simbi za kauri karibu 7,000, na watu 16 waliouawa wamsindikize. Wasichana mliopo hapa, jina la Fu Hao liandikeni.

Nimalizie na mwisho wa miji hiyo, kwa sababu hapo ndipo tofauti zao zinaonekana wazi kuliko popote.

Miaka 4,200 iliyopita hali ya hewa ilibadilika, ukame ukapiga nchi nyingi. Mwaka 2018 wanajiolojia waliifanya tarehe hiyo kuwa mwanzo rasmi wa kipindi cha Meghalaya, kwa jina la jimbo la India lenye pango lililohifadhi ushahidi. Misri ilimeguka, chifu mmoja wa kusini, Ankhtifi, aliandika kaburini mwake kwamba watu walifikia kula watoto wao, na kwamba yeye alilisha wake na wa jirani. Karne moja na ushei baadaye Mentuhotep wa Pili aliiunganisha tena, chini ya farao, kana kwamba Wamisri hawakuweza kuwaza mpango mwingine. Mesopotamia, dola ya Akadi ilianguka, Ur ikainuka na kuanguka mwaka 2004 KK hivi, na nguvu zikahamia kaskazini, Babeli, mfalme akifuatwa na mfalme.

Watu wa Indus walifanya jambo jingine. Mvua za msimu zilipodhoofika na mito ikabadili njia, kuanzia miaka ya 1900 KK waliiacha miji pole pole. Hakuna ushahidi mzuri wa uvamizi mkubwa wala wa miji kuteketezwa yote. Mihuri ikakoma, mawe ya mizani yakakoma, yale maandishi yakakoma. Familia zilihamia mashariki, kuelekea Haryana na bonde la Ganges, na kusini hadi Gujarat, zikaishi kwenye vijiji vingi vidogo na kulima zaidi mazao ya mvua. Na katika milenia hiyo ya pili KK, nafaka mpya zinaanza kuonekana kwenye mashamba ya nchi ile, nafaka zinazostahimili jua na zisizohitaji mto: mtama na uwele. Zote mbili asili yake ni Afrika. Zilivuka bahari na watu ambao hatuna jina lao hata moja, na hadi leo mkulima wa Gujarat anapika mkate wa uwele.

Mheshimiwa mwenyekiti, naomba niishie hapo ili tupate muda wa maswali. Ningependa kuanza na wanafunzi. Asanteni sana.